Rufaa ya Futi Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Aibu! Aibu ya mtu mzima! Leo nimejikuta kwenye intaneti. Si picha. Hukumu.

Nilikuwa saiba ya Nicodemus hapa Free Area, natoa kopi ya kitambulisho. Nicodemus alikuwa karani wa wakili. Tangu astaafu anachapia watu karatasi na kuwatia wasiwasi bure. Akaniuliza, mzee Masinde, umejiona? Akaandika jina langu kwenye kompyuta. Nikatokea! Masinde dhidi ya Cheptanui, mahakama ya ardhi, Machi mwaka huu, kurasa kumi na nne.

Kushindwa nilijua. Nilishindwa kwa hakimu, nikakata rufaa, nikashindwa kwa jaji. Hayo nimezoea. Sikujua kwamba wanaanika! Aya ya ishirini na mbili: jaji anasema mimi ni shahidi mkwepaji ambaye maelezo yake yalibadilika kila alipoulizwa swali. Anakumbusha nilivyoapa kwamba jiwe la mpaka lilisukumwa na mvua ya Aprili. Halafu anasema, kwa upole sana, kwamba jiwe hilo lilipanda mlima.

Nililisogeza mimi. Futi tatu. Hapa naweza kusema, daftari halina wakili. Tena nilimsogezea nani? Mama Cheptanui, mjane, nesi mstaafu aliyewadunga watoto wangu sindano zote.

Sasa taabu. Tarehe tano Julai wakwe wanakuja kutoka Elburgon kumposa Joyline, kitinda mimba wangu. Baba ya kijana ni Kimaiyo, alikuwa karani wa kiwanda cha mbao. Mtu wa kusoma hata gazeti lililofunga mandazi. Je, akiandika jina langu? Kwetu mtu hasimami mbele ya wakwe akiwa na doa. Hata likiwa la mchuzi, unabadilisha shati.

Lazima hukumu ifutwe.

Jumatano, 4 Juni

Nimeenda mahakamani mjini. Nimemwomba mama wa dawati, kwa heshima zote, aniondoe kwenye intaneti. Akauliza kama mimi ni mhusika katika kesi. Nikamwambia mimi ndiye ninayetukanwa. Akasema hukumu si tangazo la mazishi, kwamba ukichoka kuliona unalibandua. Inakaa pale ili wengine wajifunze. Wajifunze nini kwangu? Alitabasamu tu, tabasamu baya.

Akasema wenye uwezo wa kuitengua ni Mahakama ya Rufaa peke yake. Notisi hutolewa ndani ya siku kumi na nne. Nikahesabu tangu Machi. Vidole vya mikono viliisha, nikaingia vya miguu, navyo vikaisha.

Nicodemus anasema bado kuna mlango. Unamwomba jaji mmoja akuongezee muda. Atapima umechelewa kiasi gani, kwa nini, rufaa yako ina nguvu gani, na mwenzako ataumia vipi. Akaongeza jambo lililonichoma: kule juu hawaulizi tena nani alisogeza jiwe. Hilo wa chini wameshalifunga. Wanauliza tu kama sheria ilisomwa vibaya. Jamani! Mvua yangu yote ya Aprili haina kazi!

Ijumaa, 6 Juni

Sababu ya kuchelewa imepatikana. Taifodi. Kwamba nilikuwa kitandani, hoi, tangu siku ya pili baada ya hukumu hadi mwisho wa Mei. Sikuweza kushika kalamu wala kijiko.

Nicodemus alichapa mstari wa kwanza, akavua miwani, akaniuliza kama najua kiapo ni nini. Nikamwambia nimebatizwa mara mbili. Akasema huenda ya kwanza haikushika.

Tuliipeleka afidaviti, hati hiyo ya kiapo, kwa wakili wa viapo. Muhuri ukagonga, pwaa! Nikasikia tumbo linanguruma. Labda ndiyo inaanza.

Jumanne, 17 Juni

Mama Cheptanui amejibu ombi langu mahakamani. Wiki nzima ananisalimia juu ya ua, umeamkaje jirani, kumbe ameshaandika! Kurasa tatu na picha moja.

Picha ni ya kitabu cha wageni. Mazishi ya mzee Makokha kule Njoro, tarehe kumi na mbili Aprili. Mimi siwezi kupita kitabu cha wageni. Huo ndio ugonjwa wangu wa kweli. Wenzangu huandika jina na kwenda kupanga foleni ya chakula. Mimi hujaza kila mstari, mpaka ule wa maoni. Na hapo pameandikwa, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa mapambo: Masinde, Free Area. Namshukuru Mungu kwa afya njema. Nimetembea kwa miguu kutoka steji bila kupumzika. Chakula kizuri, nyama iongezwe.

Na saini. Kubwa.

Eucabeth, mke wangu, alicheka mpaka akashikilia mlango. Kisha akafuta macho. Akanikumbusha kwamba usiku aliozaliwa Joyline, aliyekesha naye alikuwa Mama Cheptanui. Hakuongeza neno. Afadhali angeongeza.

Jumatano, 2 Julai

Uamuzi umekuja. Nicodemus alinipigia simu kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Kurasa sita. Jaji anasema kuongezewa muda si haki ya mtu, ni hisani ya mahakama, na anayeomba hisani aje na mikono safi. Nikaitazama yangu. Anasema taifodi inayomruhusu mgonjwa kutembea bila kupumzika na kudai nyama zaidi ni taifodi ambayo mahakama haijapata kuisikia.

Ombi limetupwa. Na ngoja: uamuzi huo nao umewekwa kwenye intaneti! Nilienda kufuta moja, sasa ziko mbili. Zimezaana.

Nicodemus anasema nisihuzunike, mawakili watanitaja miaka mingi kila wakitaka mfano wa sababu isiyoaminika. Eti nimekuwa kanuni ya sheria. Alinipa na mkono wa pongezi, mshenzi yule.

Jumamosi, 5 Julai

Wakwe wamekuja. Kumi na wawili, na Kimaiyo mbele, mrefu, mpole. Tuliomba, tukanywa chai. Kisha akatoa karatasi kwenye koti. Nilizijua kabla hajazikunjua. Amezipigia mistari kwa kalamu nyekundu!

Akasema wanampenda Joyline na hawakuja kuhukumu, maana kuhukumu kumeshafanywa na wenye kazi yao. Mtu akakohoa kikohozi cha kicheko. Ila, akasema, posa inataka msemaji ambaye neno lake la asubuhi jioni bado ni lile lile. Na wamesoma, aya ya ishirini na tatu, kwamba ng'ambo ya ua huu yuko shahidi mnyoofu. Je, anaweza kuitwa?

Wazee wangu wa ukoo wakatazamana. Mwanamke kunena posa? Joyline alishainuka. Alienda kumwita mwenyewe. Hakunitazama.

Mama Cheptanui alikuja na aproni. Akaketishwa kwenye kiti changu. Mimi nikapewa stuli karibu na mlango na soda ya kushikilia. Akaisemea nyumba yangu saa mbili nzima. Alimsifu Joyline mpaka wakwe wakaongeza ng'ombe bila kuombwa.

Mwisho Kimaiyo akamuuliza, na huyu baba yake ni mtu wa aina gani? Nikasoma maandishi ya soda, mbele na nyuma. Mama Cheptanui akasema mimi ni jirani mwema. Kwamba alipofiwa na mumewe nililala nje na waombolezaji siku nne. Ukitoa futi tatu, akasema, hana lalamiko.

Heri angenitukana. Matusi ningeyakatia rufaa.

Walipoondoka Joyline alinikalisha jikoni, macho mekundu. Akasema, Baba, niahidi hutasaini karatasi nyingine ya mahakama maisha yako yote. Nikaahidi. Nikalia, machozi ya kweli, si ya afidaviti.

Jumanne, 8 Julai

Siku tatu nimekuwa mtu mpya. Leo nilipita kwa Nicodemus kumsalimia. Kumsalimia tu! Ndipo akaniambia, bila mimi kuuliza sana, kwamba uamuzi wa jaji mmoja unaweza kupelekwa mbele ya watatu ndani ya siku saba. Leo ni ya sita. Watatu! Mmoja anaweza kuamka vibaya, lakini wote watatu? Na Mama Cheptanui mwenyewe ametamka mbele ya wageni kumi na wawili kwamba mimi ni jirani mwema. Nitayaweka maneno hayo aya ya kwanza.

Sijasaini kitu. Ahadi ni ahadi, na mtoto ni mtoto. Nimempelekea Eucabeth karatasi akikanda unga, nikamwambia ni fomu ya bima ya matibabu, aweke saini hapa chini kwa niaba ya nyumba. Ameweka, kalamu imejaa unga. Aliuliza tu mbona bima ina majaji watatu.

Nimemwambia hao ni madaktari wakubwa.