Kahawa Imeshuka, Mimi Sina Wasiwasi

Jumatatu, 4 Julai 1955

Balaa. Dereva wa lori la kahawa kasema leo sokoni, huku akimenya ndizi bila haya, kwamba bei itashuka wiki hii hii. Na harusi yangu yote imeanikwa uani juu ya jamvi! Nimemwahidi Mzee Rwegoshora wa Rugu mahari kwa hesabu ya bei ya mwaka jana. Bila mahari hanipi binti yake, Felicitas. Nimemweleza mama. Akasema, Cassian mwanangu, migomba haijashuka bei, nenda kapalilie. Mama hajui mambo ya biashara.

Jumanne, 5 Julai

Nimepata mpango. Kahawa yangu bado inataka jua kidogo. Watu wakisikia uvumi watalivamia ghala la chama cha ushirika kabla yangu. Basi nipite nyumba kwa nyumba kuwatuliza, wakae majumbani, kisha mimi niwahi wa kwanza. Heshima na faida kwa mkupuo mmoja.

Jioni. Nimezunguka Ihembe nzima. Shida ni kwamba kila nyumba mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, buni kavu zilizochemshwa, na kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Nimetafuna. Kwa Mama Placidia nimetafuna mara mbili, maana wifi yake naye alikuwa na kikapu chake. Kufika mwisho wa kijiji mikono inatetemeka, jasho linatiririka, macho yamenitoka. Nyumba ya mwisho ni ya Projest, jirani asiyesalimia vizuri tangu anunue baiskeli. Nikamwambia hakuna cha kuogopa. Meno yaligongana. Akauliza kama nina homa. Nikamjibu nimetulia kabisa, nikaangusha kiti chake.

Jumatano, 6 Julai

Ile kahawa haikuniacha nilale. Usingizi ulikuja alfajiri, nikaamka jua la utosi. Barabarani nyayo tupu. Mama anasema kijiji kizima kimepita na magunia, Projest mbele kwenye baiskeli. Wanasema kama aliyekuja kuwatuliza yuko katika hali ile, basi mambo yameharibika kuliko dereva alivyosema. Nikamwuliza mama kwa nini hakuniamsha. Akasema ni mimi niliyetangaza kwamba watu wasikimbie.

Ijumaa, 8 Julai

Kahawa ilikauka jana jioni, leo nimefikisha magunia ghalani. Karani Melkiory, mtu wa Muleba, alinipa pole kwa adabu zote. Waliokuja Jumatano walilipwa bei ya zamani. Bei mpya imefika asubuhi. Kwa bei hiyo ninapata nusu ya mahari, labda na kuku. Nilikaa nje ya ghala juu ya magunia matupu na nikaogopa kweli. Akilini nilimwona Felicitas amepakiwa nyuma ya baiskeli ya mtu. Sikutaka kurudi nyumbani, lakini sikuwa na pengine pa kwenda.

Nyumbani nikachukua jembe, kwa kuwa mikono ilikosa pa kukaa. Mama akaja akapalilia upande wa pili wa migomba, hakuniuliza kitu. Tulikwenda hivyo mpaka jua likaelekea kuzama. Nikashangaa kuona ninapumua vizuri. Nimekula ndizi na maharage, sahani mbili.

Jumamosi, 9 Julai

Mzee Rwegoshora katokea bila taarifa, Felicitas nyuma yake! Walinikuta natandaza nyasi kwenye migomba, udongo mpaka magotini. Nikasema shikamoo baba. Akasema marahaba, akaendelea kunitazama. Akaeleza kwamba habari zimefika Rugu kuwa nimeshikwa na wazimu wa kutetemeka, na alikuja kuvunja maneno ya posa. Nikamwambia ukweli, kwamba nina nusu tu, na nusu nyingine msimu ujao. Yaani aliyesema ni mama. Mimi nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Mzee akaizunguka migomba yangu. Kisha akasema kijana anayeshika jembe wiki ambayo kahawa imeanguka hawezi kumlaza binti yake na njaa. Amekubali! Jumatano nimpelekee beberu mmoja wa kufunga maneno, halafu twende kwa Padri. Felicitas alinivuta kando, akasema siku nyingine nikiogopa nimwambie yeye, si Ihembe nzima. Nimefurahi mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Hapakuwa na moto.

Jumanne, 12 Julai

Nimewaza sana. Wilaya nzima ina hofu kwa sababu ya bei hii, na dawa ninayo mimi peke yangu. Nitafungua darasa la utulivu hapa uani. Ada ni mkungu mmoja wa ndizi. Wazee watapewa punguzo.

Ila Projest ana masikio. Akisikia atafungua lake, na kwa ile baiskeli atafika hadi Bugomora kabla sijafagia uani. Moyo umeanza kwenda mbio. Mama ananiita nikapalilie, nimemwambia nina kazi ya maana.

Lazima darasa lianze kesho asubuhi. Fundi seremala kakataa kunikopesha mabenchi, kwa hiyo nimempa yule beberu. Mzee Rwegoshora atangoja kidogo. Si alijionea mwenyewe nilivyo mtu mtulivu.