Malalamiko Dhidi ya Namba 10,007

Mheshimiwa Msimamizi wa Ukumbi,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ndiye fundi vigae uliyenipa kazi ya kusakafia uwanja ulio mbele ya ukumbi, ambapo Jumamosi hii binti yangu anaolewa. Ukubwa wa sakafu ulisema nipange mwenyewe, ila uliniwekea masharti: iwe mstatili kamili, kigae kisikatwe, na kisibaki hata kimoja. Nilikubali kwa moyo mkunjufu. Kumbe najitia kitanzi!

Malalamiko yangu ni haya:

1. Vigae ulivyoleta ni 10,007. Nimevihesabu mwenyewe, kisha nikarudia. Namba hii, Mheshimiwa, haina adabu. Nikipanga mistari saba, vinabaki vinne. Mistari kumi na mmoja, vinabaki vinane. Kumi na mitatu, vinabaki kumi, vinanikodolea macho.

2. Mkwe wangu mtarajiwa, mwalimu wa hesabu, ameshinda nayo kutwa nzima. Anasema ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikamwambia binti yangu kaposwa na mtu wa visingizio. Sasa wote wawili wameninunia.

3. Kwa masharti yako, mstatili uliobaki ni mmoja tu: mstari mmoja wa vigae 10,007. Unaanzia getini, unapita duka la dawa, unaingia kwa kinyozi mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, kisha unaendelea karibu kilomita tatu. Wageni watacheza wakifuatana kama siafu. Mama mkwe wa binti yangu, na magoti yake yale, ameshatangaza kwamba harusi ihamie kwake. Jamani, nimlee mimi, akaolewe uani kwa watu? Roho inaniuma, sikufichi.

4. Kinyozi amekataa katakata.

Kwa hiyo naomba utoe waraka wenye mhuri kwamba kuanzia leo hadi Jumapili asubuhi, 10,007 igawanyike kwa saba. Ikishindikana, kinyozi ahamishwe.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na yule mlinzi anayesinzia.

Wako mtiifu,
Fundi Vigae,
Baba wa bibi harusi (kama harusi ingalipo)

N.B. Nimeinua barua niikunje, na chini yake nimekuta kigae. Sina meza, Mheshimiwa. Nilikiweka mapajani siku ile ya kuhesabu ili nipate pa kuandikia, na ndicho ninachoandikia mpaka leo. Basi vigae ni 10,008. Mwalimu hakuchukua hata dakika: mistari 72, kila mstari vigae 139, hakibaki kitu. Nimemwomba radhi, akacheka, binti yangu naye akacheka, nami nikalia kidogo. Harusi ni hapahapa. Barua naituma hivyohivyo kwa kuwa nimeshabandika stempu, ila tafadhali kinyozi asiione. Ndiye atakayeninyoa ndevu Jumamosi.