Birika la Msikiti Lisisuguliwe

Bagamoyo, 11 Machi 1974

Kwako Maalim Alawi, Mwenyekiti wa Kamati ya Msikiti,

Assalaam alaykum, na shikamoo Maalim. Mimi Kitwana bin Mbaruku, msugua birika la udhu kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, nimepata habari kwamba Ijumaa kamati itakaa kuamua kama nifukuzwe kwa kuacha kusugua. Kabla hamjaamua naomba kulalamika, kwani aliyedhulumiwa ni mimi.

Kwanza, sikuacha kwa uvivu. Uvivu ninao, mke wangu Tatu ni shahidi, lakini mara hii haukuhusika. Mwezi uliopita alikuja Bwana Hamed, mtafiti kutoka Dar es Salaam, akaukwangua ule ute wa kijani ukutani mwa birika, akautia chupani. Alinieleza kuwa ndani yake mna vijimea visivyoonekana kwa macho, navyo hutoa vitu vinavyoweza kuzuia vijidudu vya maradhi. Akasema huenda siku moja ikapatikana dawa, huenda ikawa sumu, na kazi yenyewe ni ya miaka mingi. Mimi nilisikia dawa. Mengine yalinipita.

Pili, nilikumbuka ute wote niliousugua kwa brashi ya makumbi na kuumwaga mtaroni kila Alhamisi, nikalia, Maalim. Ni wagonjwa wangapi nimewanyima dawa kwa usafi wangu? Na hakuna aliyenizuia. Kamati ilinipa hata kanzu ya shukrani.

Jambo la tatu, mnasema watu wanateleza. Ni kweli. Bwana Husseni aliteleza, lakini yeye huteleza hata sebuleni kwake. Mimi mwenyewe nilitumbukia mzima mzima Ijumaa iliyopita, watu wakitazama, kofia ikabaki inaelea. Nilitoka kijani mpaka masikioni. Mafua yangu hayakupona, ila naamini ute haukupewa muda wa kutosha.

Nne, kwa hayo yote, naomba birika lifungwe. Waumini watawadhe majumbani kwao, mimi niitwe Mlinzi wa Dawa, na Tatu aamriwe kwa maandishi aache kucheka.

Nisalimie wanakamati wote, na nyumbani kwako Bi Sihaba na watoto, na Bwana Husseni, nikimwombea goti lake lipoe.

Ni mimi mtumishi wenu, mwenye mafua,
Kitwana bin Mbaruku

Baada ya sahihi: Leo ni Jumanne, barua bado ninayo. Baba ametuma salamu kutoka Kerege kwamba kesho anakuja kuswali nasi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na hataki kushikwa mkono. Nimelisugua birika lote, ngazi nimezirudia mara tatu, kisha nikapita pekupeku kuzijaribu. Haukubaki ute hata wa kupaka ukucha. Bwana Hamed akirudi, mniombee radhi. Nanyi mkiona lazima mnifukuze, nifukuzeni, ila subirini baba aondoke. Huko Kerege huwaambia watu kwamba birika hili analitunza mwanawe.