Vita vya Mguu wa Kushoto wa Fundi Nzioka

Sogeeni, enyi watu wa Sultan Hamud na wa vijiji vyote visikiavyo honi ya treni. Mwenye sufuria motoni aiepue, mwenye mbuzi amfunge, kwa maana leo latajwa jambo ambalo wahenga hawakulijua, nao wangalilijua wangalilionea wivu.

Alikuwapo Nzioka mwana wa Ndeti, Bwana wa Cherehani, Mnyoosha Pindo, Mkimbiaji Peku, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu alishona joho za kwaya na suruali za wachumba, na ambaye kila alfajiri alitoka bila kiatu wala kandambili akakimbia hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Kutwa nzima alikuwa mtu wa kukaa. Ile saa moja tu ndiyo iliyokuwa yake, na aliipenda kuliko chai.

Basi mwezi wa saba adui akamvamia kutoka chini. Ngozi ya mguu wa kulia, hapo nyuma ya vidole, ililika ikawa nyembamba kama bitana, ikamuuma kila hatua. Ilhali wayo wa kushoto ulikaa mnene, umenona, hauna hata mkwaruzo. Nzioka akayalaumu mawe, akailaumu reli, akamlaumu na shetani, ila kwa upole, maana yeye ni mzee wa kanisa.

Hatimaye shujaa akashika silaha ya ufundi wake, chaki. Akaipaka nyayo zote mbili, akakimbia kwenye baraza refu la saruji mbele ya maduka, kisha akapiga magoti na kuzipima hatua kwa utepe. Inchi arobaini, thelathini na tano; arobaini, thelathini na tano. Asi! Mtu aliyeapa kutomkatia yeyote suruali yenye mguu mmoja mfupi, kumbe mwenyewe alikuwa akikimbia hivyo hivyo.

Hayo yote yalionwa na Jonah, Mfalme wa Akala, akataye viatu kwenye matairi makuukuu mwisho wa baraza hilo. Akasimama, akainua kisu chake juu, akanena:

"Fundi, sikiza! Mungu alimpa mbuzi kwato, akampa punda kwato, wewe akakupa mimi. Jumamosi ya mbio za kanisa, majuma matatu kutoka leo, nitakungoja pale mwisho na akala za saizi yako. Ukifika ukichechemea, utazivaa mbele ya pastor na kina mama wote, na hutakimbia peku tena mpaka uzikwe!"

"Na nikifika sawa?"

"Ukifika sawa, hii mdomo yangu itanyamaza."

"Na iwe hivyo," akasema Nzioka kwa sauti ya simba. Kisha akaingia dukani, akaketi. Aliogopa kweli kunyang'anywa alfajiri zake.

Mchana mkewe Muthoki, Sauti ya Tatu ya Kwaya, akaja na bakuli la mahindi na kunde. Akasikiliza kilio chote, akainama, akachungulia chini ya cherehani.

"Baba Nthenya," akasema, "unatafuta mchawi na uko naye hapa. Angalia. Huu mguu wa kulia ndio unakanyaga mashini asubuhi mpaka jioni. Huyu wa kushoto amejikunja chini ya stuli kama mgeni anangoja chai. Miaka ishirini na tatu! Sasa ukikimbia, unataka wasukume sawa?"

Nzioka akautazama mguu wake wa kushoto.

"Ewe Kushoto," akaunguruma, "mla vya bure, uliyebebwa na nduguyo tangu ujana! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo nakupa kanyagio."

Ikawa vita vya majuma matatu. Gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukajifunga mafundo, sindano nne zikaanguka vitani siku ya kwanza pekee. Joho la kwanza kushonwa chini ya utawala wa Kushoto lilitoka na pindo lipandalo na kushuka kama njia ya vilima vya Mbooni, na kwa bahati yake, lilikuwa la mkewe. Hakukata tamaa. Mchana alikanyaga kwa kushoto, alfajiri alikimbia polepole kwa hatua fupi, akimzuia Kulia asijigambe, akimhimiza Kushoto asukume, hata ngozi iliyolika ikaanza kurudi.

Jumamosi ikafika. Kilomita sita, vumbi, jua. Nzioka alipitwa na wavulana, akapitwa na wasichana, akapitwa na mama mmoja aliyejifunga leso na kubeba mtoto. Lakini alipokuja, alikuja sawa, hachechemei.

"Ngojeni!" akapaza Jonah, akala mkononi. "Huyu anajikaza uso tu. Leteni utepe, mchanga haudanganyi!"

Akapiga magoti mavumbini, akapima nyayo mbele ya mkutano wote. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Jonah akafunga mdomo, na yasemekana hakuufungua hadi Jumanne.

Jioni ile Nzioka akachukua mkasi. "Lete hilo joho, Mama Nthenya, nifumue hiyo aibu kabla ya kesho."

"Wacha hivyo," akasema Muthoki. "Hapo ndipo mguu wako ulijifunza kazi. Nitalivaa."

Na Jumapili akalivaa, akasimama mstari wa mbele, pindo likipanda na kushuka mbele ya waumini mia mbili, kidevu juu. Nzioka akamtazama kutoka benchi la wazee. Wenye kalamu na waandike, na wasio na kalamu wakumbuke: kwaya ilipoanza kuimba, chini ya benchi lile, bila kuamriwa na mtu, aliyeanza kupiga mapigo ni Kushoto.