Begi Lipande Ndege kwa Niaba Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Mdomo umeniponza. Jana kwenye simu baba wa mchumba wangu aliuliza nitakwenda kwao kujitambulisha kwa usafiri gani. Mume wa dada yake mchumba, dereva wa lori tunayemwita Gia, alikuwa pembeni akicheka kwamba fundi cherehani atakuja kwa basi, amebanwa siti ya nyuma. Nikajibu nakuja kwa ndege, mzee, nimezoea. Sijawahi kupanda ndege. Hata ngazi ya kubadilishia balbu hunitoa jasho.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni mali. Nimekwenda kiwanja chetu cha ndege kuulizia. Kutoka hapa hadi kiwanja cha kwao ni dakika ishirini na tano angani, saa mbili na nusu kwa gari. Abiria huanza kupokewa saa mbili kabla ya kuruka. Basi nakabidhi begi mapema, natoroka, nachukua teksi. Nitafika dakika tano tu baada ya ndege. Nitasema nilikuwa nanawa uso. Begi litapanda kwa niaba yangu. Mchumba ataliona likishushwa na kile kikaratasi cha ndege kwenye mpini. Ndani nimeweka gauni nililomshonea mama mkwe.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu. Naandika masikio yakiwaka moto.

Teksi ilikimbia vizuri. Nikapenya hadi choo cha kiwanja cha kwao, nikachana nywele. Nje nikasikia muungurumo. Nikajua ndiyo yenyewe. Nikatoka kifua mbele, nikamwamkia mzee, nikamwambia huko juu mawingu yalitusumbua kidogo.

Muungurumo ulikuwa wa trekta la kufyekea nyasi. Ndege ilikuwa haijaruka.

Mzee hakufoka. Alinieleza taratibu kwamba kuna abiria amekabidhi begi kisha akatoweka, na begi lisilo na mwenyewe haliruhusiwi kupaa. Mizigo yote imeshushwa, inakaguliwa. Jina la abiria huyo limeshatangazwa mpaka huku. Gia alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Mzee akasema tukae tusubiri, ndege ikitua angependa kuona kama nitashuka tena.

Tukakaa. Ikatua. Abiria wakapita wamenuna, bibi mmoja akimlaani aliyewachelewesha, yeye na kizazi chake. Mama mkwe akaitikia amina. Na mimi nikaitikia, nisijulikane.

Mchumba wangu hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa amesuka nywele kwa ajili yangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 11 Juni
Mchumba amepiga simu. Sikustahili. Anasema baba yake hana neno na mtu anayeogopa ndege, hata yeye hajawahi kupanda. Neno analo na mwongo. Nimepewa nafasi ya mwisho: Jumamosi niende kwa basi, mzee atanipokea mwenyewe stendi, niombe radhi, posa iendelee. La sivyo, basi tena. Nililia, nakiri. Nikaapa sitasema uongo maishani.

Kisha nikamsikia Gia nyuma yake akisema kumbe fundi ni mwoga.

Nimemwambia mchumba nakuja kwa ndege. Akakata simu. Nimekaa, nimetafakari kwa utulivu kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa begi. Safari hii nakwenda mikono mitupu.