Marahaba Moja ya Bi Hasina

Tegeni masikio, enyi mlioacha vyungu motoni. Vikiungua, lawama ni yenu. Nawasimulia vita alivyopigana Bi Hasina binti Kheri, simba jike wa Mwabungo, mwenye raba za zambarau, katika jimu ya Ukunda, Alhamisi, saa ya akina mama.

Daktari alimwamuru afanye mazoezi kwa ajili ya sukari. Lakini Jumamosi alikuwa amwimbie bintiye Ummi harusini, na mwezi uliopita jimu ilimrudisha nyumbani sauti ikikwaruza kama bawaba ya lango.

Akaingia, chupa ya maji kiunoni kama jambia. Mbele yake akasimama Judy, kocha kutoka bara, jemadari wa spika mbili.

"Mathe, hesabu kwa nguvu. Bila kelele misuli haiamki."

"Mwanangu, misuli yangu haina masikio. Nikiinua nitaitoa pumzi polepole, sitaifungia kooni. Ukitaka hesabu, hesabu wewe."

Akainua chuma cha kilo tatu, naam, tatu, na pumzi ikamtoka kama upepo chini ya mlango. Akapiga funda la maji. Ushindi ulikuwa karibu.

Ndipo akatokea adui wa kweli, na adui huyo ni adabu.

"Shikamoo, Bi Hasina," akapaza Dama kutoka kwenye baiskeli isiyokwenda. Wenzake wakafuata, wanawake kumi na wanne pamoja naye, shikamoo zikaruka kama mishale, na kila moja ikidai marahaba ya kushinda ngurumo za spika. Ndivyo sauti ilivyouawa mwezi uliopita. Na kunyamaza je? Mzee asiyeitikia shikamoo ana kinyongo. Kabla ya Magharibi Mwabungo nzima ingeuliza Dama kamkosea nini.

Shujaa hakupaza sauti. Aliweka chuma chini, akavuka uwanda wa mikeka, hatua tisa, akaung'oa waya wa spika ukutani. Ngurumo zikakatika.

"Marahaba, wanangu nyote," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

Judy aliutazama waya. "Si ungeniambia tu nipunguze, mathe?"

"Ningekuambiaje bila kupiga kelele?"

Jumamosi alisimama mbele ya bibi harusi, na ubeti wa kwanza ukatoka mzima, hauna ufa. Ummi akalia mpaka wanja ukachuruzika. Aliyempamba alinuna hadi biriani ilipoletwa. Basi waandishi na waandike: Ukunda uling'olewa waya mmoja, na marahaba moja ikawatosha watu kumi na wanne.