Waya wa Kabatini na Mwezi wa Idi

Jumatatu, 11 Januari 1999. Likoni. Ramadhani 23.

Mwaka huu Mwinyihaji hanipati. Nimeapa.

Miaka kumi na mmoja ni yeye tu anayepeleka habari ya mwezi msikitini. Jirani yangu ukuta kwa ukuta, mshona kanzu, mtu wa magoti mabovu na jamaa wengi. Ana jamaa Lamu, ana jamaa Vanga, ana jamaa Pemba. Ikifika magharibi ya ishirini na tisa wote wanampigia simu. Yeye huyo, anajikokota hadi msikitini, anamnong'oneza imamu wetu Maalim Faki, anapewa kipaza sauti. Anatamka kwamba kesho Idi. Vigelegele! Takbira! Na mimi Mbwana, karani wa bandari miaka thelathini, niliyeandika majina ya meli za dunia nzima bila kukosea herufi, nasimama nyuma kwenye viatu.

Sasa nina intaneti. Ya kwanza mtaani. Kompyuta nimeipata kwa Karisa, aliyekuwa karani wa mapokezi kwenye hoteli moja ya Shelly Beach iliyofungwa. Aliniunganishia mwezi uliopita, usiku ule ule mwezi wa Ramadhani ulipoandama, akanifungulia ukurasa wa vijana wa pwani walioko ng'ambo. Wanakusanya habari za mwezi kutoka Lamu hadi Komoro. Ina maana nitajua kabla ya Mwinyihaji kuvaa makubadhi. Kipaza sauti ni changu.

Tatizo moja. Ni nzito mno! Leo nimebonyeza kabla ya adhana ya alasiri. Nimekwenda, nimesali, nimeamkuana na watu, nimerudi. Skrini bado nyeupe. Ni sawa na kupiga hodi ukajibiwa karibu ukiwa umeshafika kwenu.

Laini yenyewe ya simu nzima. Kuna waya mmoja wa ziada tu, nilioutandaza mwenyewe mwaka 1996, unaopita darini hadi kabati la chumbani, nilikoficha simu ya pili nyuma ya mablanketi. Mke wangu Mwanatabu huzungumza kila siku na Mwanarehema, mke wa Mwinyihaji, na mtu lazima ajue jirani yake anapanga nini. Huo hauhusiki.

Jumanne, 12 Januari. Ramadhani 24.

Nimegundua! Tawi la mwarobaini linagusa waya wa simu nje. Nimepanda na panga, nimefunga, jua kali, koo kavu. Tawi likaanguka upande wa Mwinyihaji, juu ya kamba aliyoanika kanzu za watu za Idi. Kanzu tisa.

Alitoka akichechemea. Badala ya kufoka aliniuliza kama nimeumia, akanishikia ngazi nishuke. Unafiki wa hali ya juu. Anajua nina kompyuta, anataka nijione vibaya.

Nikajaribu intaneti. Nzito vile vile. Nikaisogeza kompyuta dirishani ipate upepo. Nzito. Nikaufuta waya wote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mita kwa mita. Nzito, na sasa inanuka. Mwanatabu aliuliza kama anifukizie na udi. Nilidhani anasaidia, nikakubali. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 13 Januari. Ramadhani 25.

Nimepigia kampuni ya intaneti mjini. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake. Akaniambia nizime kila kitu niwashe tena. Nikamwambia nimezima na kuwasha tangu Ramadhani mosi. Akauliza kama kuna simu nyingine yoyote iliyounganishwa kwenye laini hiyo hiyo, maana simu ya ziada yenye waya mbovu huharibu mawasiliano. Nikasema hakuna.

Nikakumbuka nimefunga. Nikaleta istighfari kimoyomoyo. Akauliza tena, nina hakika? Nikasema nina hakika kabisa.

Ameahidi kumleta fundi kesho.

Alhamisi, 14 Januari. Ramadhani 26.

Fundi amefika na feri ya asubuhi. Anaitwa Elkana, kijana wa bara, mpole, ana begi la vyombo na Kiswahili cha kutia huruma. Aliniambia, "Mzee, hii laini yako iko na kitu inaikunywa." Nilitaka kumsahihisha, lakini nilikuwa na haja naye.

Akanionyesha jambo la ajabu. Kompyuta inaweza kutuma salamu ndogo hadi kwenye mashine ya kampuni mjini, kisha unahesabu salamu inarudi baada ya muda gani. Kwa laini nzima, asema, jibu linarudi hujafumba kinywa. Yangu ilichukua sekunde nne! Nyingine haikurudi kabisa. Mtu anatoka hapa na feri, anafika ng'ambo, anarudi, salamu yangu bado iko njiani.

Elkana akachomoa, akachomeka, akapima. Akasema waya wa nje ni mzima na mwarobaini ulikatwa bure. Kinachoinywa laini kiko ndani ya nyumba. Akaanza kuufuata ukuta. Akapita sebuleni. Akaangalia juu. Akaomba ngazi.

Nikamwambia darini kuna nyuki.

Akasema haoni nyuki wala hawasikii. Nikasema ni nyuki wa kimya. Mwanatabu alikuwa anapepeta mchele mlangoni, akauliza nyuki wameingia lini. Nikamwambia jana. Elkana akasimama kwenye kiti, akaingiza mkono kwenye tundu la dari, akatoa kipande cha waya wangu: waya wa kengele ya mlango, umesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa karatasi ya peremende. Akasema aliyefunga waya huu ni adui yangu, na usipotolewa nisitegemee nafuu. Nikamjibu kwamba adui mwenyewe namfahamu, nitamshughulikia.

Kisha nikamhimiza asikose feri. Hata akiwa kwenye ngazi za nje bado ananiusia: laini ikiwa mbovu, kompyuta huweza kunionyesha ukurasa wa zamani iliouhifadhi ndani, na huo hufunguka upesi sana, kwa hiyo kila mara niangalie tarehe. Nikamwambia sawa, sawa, bwana, nenda salama. Mtu anafundishwa kusoma tarehe, na aliweka daftari la meli miaka thelathini!

Waya sikuutoa. Nitautoa vipi siku tatu kabla ya mwandamo, na ndizo siku za kumsikiliza Mwinyihaji?

Ijumaa, 15 Januari. Ramadhani 27.

Kabatini tangu saa kumi na moja jioni. Joto, giza, nondo wa nguo. Lakini imelipa. Mwanarehema alipiga. Wakaulizana hali, watoto, sukari imepanda. Halafu akasema mwaka huu mume wake, kwa habari ya mwezi, ameamua jambo. Nikaubana mkono wa simu sikioni. Ameamua—

Mwanatabu akamkata. Akasema, "Ngoja, shoga yangu. Baba Mastura, toka humo kabatini, maghrib imekaribia na tambi ziko mezani."

Nikaiweka simu chini polepole. Nikatoka. Tambi zilikuwa nzuri.

Jumamosi, 16 Januari. Ramadhani 28.

Ameamua nini?

Bila shaka kununua kompyuta. Au kuwaleta hao jamaa wa Pemba wenyewe, na darubini. Sikulala mchana. Nimepima salamu mara arubaini. Sekunde tano sasa. Nimempa Maalim Faki taarifa rasmi kwamba kesho habari italetwa na mimi, kwa njia ya kisasa. Maalim alisema yeye anataka jambo moja tu, ukweli, maana watu mia tatu wa mtaa huu watafunga au watakula kwa neno la mwenye kipaza sauti, na dhima ni yake. Nikamwambia asiwe na shaka.

Jumapili, 17 Januari. Ramadhani 29.

Naandika kama ilivyokuwa.

Nimefuturu kwa tende moja, nimesimama, mkono mmoja kwenye kompyuta. Modemu, kile kisanduku kinachopitisha intaneti kwenye laini ya simu, ikalia, ikaunganika. Nikabonyeza ukurasa wa mwezi na kujiandaa kungoja. Sikungoja! Ukafunguka kabla sijapangusa miwani. Upesi, safi, bila kigugumizi. Nilipiga ukelele. Laini imepona yenyewe! Na Elkana na ujuzi wake wote! Nikasoma mstari wa kwanza: MWEZI UMEONEKANA, Lamu, Pemba na Komoro, Waislamu wote wanatakiwa heri.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kiliniacha njiani. Maalim akaniuliza kama nimeona kwa macho yangu. Nimeona. Akauliza Lamu? Nikasema Lamu, na Pemba, na Komoro! Akanipa kipaza sauti.

Wallahi, sijawahi kusikia sauti yangu ikienda mbali namna ile. Nikasema kesho Idi, enyi ndugu zangu. Mtaa ukalipuka. Vigelegele hadi kwa Wagiriama upande wa pili wa barabara, ambao hawakufunga. Watu wakanikumbatia. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia. Mwanatabu alikuwa ameshakata tungule na vitunguu vya pilau.

Nikakaa kwenye kompyuta kuusoma tena, kwa raha tu. Nikashuka chini ya ukurasa. Kulikuwa na tarehe.

19 Desemba 1998. Na chini yake: kesho ni siku ya kwanza ya kufunga.

Jasho likanitoka mahali ambapo sikujua mtu hutoka jasho. Watu mia tatu kesho watakula mchana wa Ramadhani kwa neno langu. Nilijua la kufanya. Kurudi msikitini, kushika kile kile kipaza sauti, kusema nimekosea. Niliinuka nifanye hivyo. Miguu ikanipeleka kabatini.

Nikafunga mlango. Nikainua simu, sijui kwa nini, labda nisikie sauti ya binadamu. Modemu ikanipigia kelele sikioni, intaneti ikakatika, nikairudisha chini. Papo hapo simu ikalia. Mwanatabu akapokea sebuleni. Mimi nilikuwa nimeshaiinua tena.

Alikuwa Mwanarehema, anahema. Akasema mwezi haujaonekana, si Lamu, si Vanga, si Pemba. Akasema Mwinyihaji amenipigia mimi mara kumi na moja tangu magharibi na kila mara laini inashughulika. Alitaka anipe habari nikaitangaze mimi. Hilo ndilo aliloamua. Magoti yamemshinda, na anasema Mbwana amekipenda kile kipaza sauti miaka yote, basi mwaka huu na akishike yeye. Sasa ilibidi aende mwenyewe msikitini kuzuia watu, kwa mguu, na magoti yale.

Mwanatabu akamwambia, "Mwambie mwenyewe, anasikiliza."

Halafu Mwanarehema akasema, "Msalkheri, baba Mastura."

Nikajibu msalkheri. Adabu ni adabu, hata kabatini.

Kisha, kupitia ukutani, nikaisikia sauti ya Mwinyihaji kwenye kipaza sauti, inakatika kwa kuchoka. Alisema mwezi haujaonekana, kesho tunafunga. Alisema ndugu yetu Mbwana ameteleza kwa furaha tu, asilaumiwe na mtu. Nimeona haya. Naandika hivyo hivyo: nimeona haya.

Jumatatu, 18 Januari. Ramadhani 30.

Saumu ndefu kuliko zote za maisha yangu. Kila niliyempita aliniuliza leo ni tarehe ngapi.

Magharibi Maalim Faki aliniita mbele. Alisema Mwinyihaji ameomba kipaza sauti nipewe mimi. Nikakishika. Thelathini zimetimia, hakuna anayengoja habari. Nikasema kesho Idi. Hakuna aliyeruka. Mtu mmoja nyuma kwenye viatu alisema ahsante.

Jumatano, 20 Januari. Idi pili.

Jana Mwinyihaji aliniletea kanzu mpya, kaishona mwenyewe, shingo yangu sawasawa bila kunipima. Na sahani ya halua. Akaniambia mwakani atanipigia mapema, ila nisiishike laini. Nikamshukuru, nikamkumbatia, machozi yakanilengalenga.

Leo nimetulia, nimefikiri. Elkana alipita tena kuuliza kama adui nimemshughulikia. Nikamwambia nyuki wamezidi.

Nimeona kosa lilipo. Laini ni moja, kazi ni mbili. Nimeandika barua ya kuomba laini ya pili, ya kompyuta peke yake. Hiyo itakuwa na kasi. Hii ya zamani itabaki ya Mwinyihaji kunipigia.

Ila najiuliza. Mtu ananiachia kipaza sauti bure, kanzu bure, halua bure. Kwa nini? Ana lake jambo. Lazima nijue kabla ya Ramadhani ijayo, na Mwanatabu ameshalijua kabati. Uvungu wa kitanda bado hajaujua. Nimepima: kutoka kabatini hadi uvunguni ni mita nne, na waya wa kengele nimebakiwa na mita tisa.